Siku Moja Ndani ya Kamusi: Nilivyouonja Mji Mkongwe kwa Mara ya Kwanza

Jamani, mbona hamkuniambia?

Nina miaka 34 katika jamhuri hii ya muungano. Nimeimba wimbo wake mstarini, nimelipa kodi zake, na muda wote huo Unguja kwangu ilikuwa picha ya kalenda: mnazi umeinama, bahari ya buluu, mgeni amelala kwenye mchanga. Basi Jumamosi moja ya Julai nikapanda boti ya asubuhi pale Dar es Salaam, nikashuka Mji Mkongwe, nikazunguka mpaka miguu ikagoma, nikarudi na boti ya jioni. Siku moja tu, na hadi sasa sijatulia. Ninaandika haya viatu vikiwa bado na chumvi na mkoba ukinuka karafuu, maana nikingoja nitulie nitaandika kwa adabu kama barua ya ofisini, na wala sitaki.

Hukumu nakupa mapema, usije ukachoka njiani ukaikosa: kama unazungumza Kiswahili, nenda. Ufukweni siwezi kukusemea, sikuukanyaga mchanga hata mara moja. Nenda kwa sababu maneno chungu nzima unayoyatumia kila siku, yale uliyoyazoea hadi huyaoni, yana kwao. Kwao ni pale. Utayakuta yamekaa kivulini yanakunywa kahawa.

Upepo wenye jina

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimevuka ziwa mara nyingi kuliko nilivyovuka barabara za Posta, kwa hiyo nilipanda boti kwa madaha, nikachagua kiti cha nje, nikavaa miwani. Nusu saa baadaye madaha yalikwisha. Boti ilipanda, ikakaa kidogo hewani kana kwamba inafikiri, kisha ikashuka puu! Nikaishia kuukumbatia mfuko wa plastiki aliokuwa akigawa mhudumu.

"Kusi hiyo, mwanangu," akasema mzee mwenye kofia ya vito aliyekaa pembeni yangu, akimenya chungwa bila wasiwasi. "Mwezi huu ndio wake."

Kusi. Nikalitafuna neno lile. Kusi… kusini! Tangu darasa la tatu naandika kusini: kusini mwa jangwa la Sahara, Nyanda za Juu Kusini, ncha ya kusini. Hata siku moja sikujiuliza limetoka wapi. Nikamgeukia mzee, kichefuchefu nimekisahau. "Na kaskazi?"

"Kaskazi huja Disemba, ikatushika mpaka mwezi wa tatu. Inatoka huko," akaelekeza kwa kipande cha chungwa upande wa Pemba.

Kwa hiyo ramani nzima niliyofundishwa shuleni ina pepo mbili ndani yake! Na pepo hizo ndizo zilizoujenga mji niliokuwa naukaribia. Kwa karne nyingi vyombo vya Arabuni, vya Ghuba na vya Uhindi vilishuka na kaskazi vikiwa na tende, vitambaa na vyombo vya udongo, vikatia nanga, vikauza, vikanunua, vikangoja. Kusi ikianza kukaza, vikapandisha tanga na kurudi vimesheheni pembe za ndovu, boriti, na baadaye karafuu. Kile kipindi ambacho upepo unakubali ndicho msimu. Sisi tumeuchukua msimu tukaupeleka kwenye maembe na kwenye ligi kuu. Wao waliupangia maisha: msafiri aliyekosa upepo alikaa miezi, na aliyekaa miezi alipanga chumba, akaoa, akafundisha watoto wake lugha ya mama yao.

Na hapo nilikuwa bado sijashuka!

Bandarini

Mji unakujia kwa mbele, kama mtu aliyetoka nje kukupokea. Majengo meupe yamejipanga ukingoni mwa maji, roshani za mbao juu yake, minara ya misikiti, na minara miwili ya kanisa ikichomoza nyuma. Pale katikati ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza katika eneo letu kuwa na umeme na lifti. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na mimi nimelikuta liko mikononi mwa mafundi. Nilihuzunika kidogo, kama mtu aliyefika kwa bibi akaambiwa yuko hospitali. Lakini jamaa zake wote wapo nyumbani. Jirani yake ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698. Ukirudi kidogo kuelekea bandarini unaikuta Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan, ina roshani zilizochongwa kwa ufundi mwembamba hadi unaogopa kupiga chafya karibu yake.

Kando ya gati yetu, majahazi na mashua zilikuwa zimebanana, milingoti imeinamia huku na huku. Makuli wanashusha magunia begani. Na katikati yao mwanamume mmoja mwembamba, msuli kiunoni, fulana imetoboka, hanyanyui hata kitu. Anasema neno moja, watu wanne wanahama.

"Yule nani?" nikamuuliza mzee wangu wa machungwa.

"Nahodha."

Nikacheka peke yangu. Nahodha ninayemjua mimi anavaa kitambaa mkononi na kubishana na refa. Kumbe miaka yote watangazaji wetu wa mpira wanapiga stori za baharini! Anashika usukani wa ligi, analiongoza jahazi, timu inazama, nahodha anaiokoa. Sasa namwona mwenye cheo chake, na kusema kweli fulana yake iliyotoboka ina mamlaka kuliko jezi yoyote.

Na kile kibustani cha mbele ya Ngome, Forodhani? Forodha ilikuwa pale. Bidhaa zilishukia pale, zikahesabiwa, zikatozwa ushuru. Mimi forodha naijua kama dirisha lenye kioo na mtu asiyeinua macho. Hapa ni bustani yenye watoto wanaojirusha baharini kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakipiga kelele. Nimewaangalia dakika ishirini. Sijawahi kuipenda forodha namna ile.

Darajani: hapa ndipo nilipopoteza akili

Kutoka bandarini hadi soko la Darajani ni mwendo wa robo saa kwa miguu, labda nusu kama wewe ni mimi na unasimama kila mlango. Jengo lake lilijengwa mwaka 1904: kuta nene, paa refu lenye mteremko, na pande zote soko limefurika nje hadi barabarani.

Harufu inakupokea kabla ya mtu yeyote: karafuu kwanza, halafu samaki, halafu mkate, halafu karafuu tena. Viungo vimemwagwa kwenye sinia kama rangi za mchoraji. Hiliki, mdalasini uliokunjamana kama magome ya hati za kale, pilipili manga, manjano. Muuzaji mmoja alinipasulia kungumanga kwa kisu kidogo. Tunda la nje lina rangi ya pera, ndani kuna kokwa nyeusi inayong'aa, na juu ya kokwa kuna wavu mwekundu, mwekundu wa mdomo uliopakwa rangi kwa ajili ya harusi. Akanibandulia ule wavu, akauweka kiganjani mwangu, nikanusa, nikalipa bila kuuliza bei. Kosa la kitoto, najua. Sijutii.

Kisha mnada wa samaki. Sikiliza. Nimekulia karibu na Mwaloni Kirumba, soko la samaki kwelikweli. Sangara, sato na dagaa nawatambua gizani. Hapa nikawa mjinga wa mwisho. Jodari wamelazwa chini kama mabomu. Kuna nguru, kolekole, taa aliyetandazwa kama mkeka, mitungo ya changu, pweza wamening'inizwa mikono. Na juu ya yote, mtu mwenye buti za mpira na sauti ya muadhini aliyepatwa na haraka: "Thelathini, thelathini, na mbili, na mbili, thelathini na mbili, nani tano?" Wanunuzi wamekaa kimya. Nikadhani hawataki. Kumbe bei inapanda mbele ya macho yangu! Mmoja anainua unyusi: elfu mbili. Mwingine anajikuna sikio: elfu tatu. Babu mmoja aliyeonekana kusinzia akafumbua jicho moja, jodari akawa wake.

"Huyu anayepiga kelele ni nani?" nikanong'ona.

"Dalali," akajibu kijana aliyeshika ndoo.

Dalali! Dar es Salaam dalali ni mtu anayekuonyesha chumba kisicho na maji, anakuambia maji yanakuja kesho, anachukua kodi ya mwezi mmoja na kuzima simu. Kumbe kazi yenyewe ni hii, hadharani, mbele ya mashahidi hamsini, na samaki akiwa hapo hapo. Tuliichukua kazi ya watu tukaiharibu.

Nikahamia kwenye mboga. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu kwa usawa wa kutisha, kama gwaride.

"Shikamoo mama. Nyanya hizi fungu bei gani?"

"Marhaba. Tungule hizi?" Akanitazama kutoka juu hadi kwenye viatu. "Elfu moja. Wataka na mbatata?"

Nikakaa kimya nikitafuta viazi kichwani.

"Wewe wa bara."

"Ndiyo mama. Wa Mwanza."

"Karibu sana. Kwani huko skuli hawakufunzeni Kiswahili?" Akacheka, jirani yake akacheka, nami nikacheka, nikanunua tungule ambazo sikuwa na jiko la kuzipikia.

Nikamuuliza kama anaishi hapa hapa mjini. "Mie natoka Ng'ambo," akasema. Nikashtuka. Mama wa mafungu ya tungule, kumbe karudi kutoka Ulaya? "Ng'ambo nchi gani?" Akaninyanyulia kidevu kuelekea upande wa pili wa barabara, daladala zilikokuwa zinapiga honi. "Hiyo hapo."

Basi elewa ramani. Zamani mkono wa bahari uliingia hapa ukautenga mji wa mawe na upande wa pili walikokaa watu wa kawaida, na daraja likavuka maji. Daraja, ndipo Darajani. Upande wa pili, ndipo Ng'ambo. Maji yamefukiwa, daraja halipo, barabara kubwa imepita juu yake, na majina hayakubanduka. Sisi kwetu ng'ambo ni kwa kupanda ndege, tena kwa viza. Huyu mama huvuka kila alfajiri na kapu kichwani.

Dakika ambazo sikucheka

Lazima niliseme hili, na nitalisema taratibu. Ukitoka sokoni, hatua chache tu kuingia Mkunazini, unafika Kanisa Kuu la Anglikana. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash mwezi Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo, siku ya Krismasi. Nje kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu tano za watu zimesimama, minyororo shingoni, zimetazama pande zisizokutana. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa tungule. Nusu saa iliyopita nilikuwa nacheka na neno dalali. Mnada, dalali, fungu, bei: maneno hayo hayo yalifanya kazi hapa, na waliosimama mbele ya dalali walikuwa watu. Wengine waliletwa kutoka bara, kwa njia ile iliyopita Tabora, upande wa kwetu. Kamusi niliyokuwa nikiifurahia tangu asubuhi ina kurasa kama hizi pia, na ukiipenda lugha huwezi kuzinyofoa.

Ndani ya kanisa kulikuwa na ubaridi na ukimya. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Huyu ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kilivyozungumzwa Unguja, akasikiliza watu wa mji huu, akaandika walivyosema. Miaka mingi baadaye, mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wana la kusema juu ya uamuzi huo hadi leo, na wana haki yao. Lakini matokeo ndiyo mimi: mtoto wa Kanda ya Ziwa aliyefundishwa, kwa chaki na fimbo, lugha ya mitaa hii bila kuambiwa kwamba mitaa yenyewe ipo na unaweza kwenda kuitembelea.

Vichochoroni

Baada ya hapo nilipotea. Nilipotea kwa raha! Vichochoro vya Mji Mkongwe havina mpango wowote unaoeleweka na mtu aliyezoea mitaa ya kunyooka. Unaingia kimoja kipana cha kupita watu watatu, kinakuwa cha wawili, kinakuwa cha mmoja na baiskeli, kinakutupa kwenye kiwanja chenye mti na paka saba. Kuta zinakaribiana juu, kwa hiyo saa saba mchana wa jua kali unatembea kivulini. Hapana kiyoyozi duniani kinachofanya kazi vizuri hivyo.

Milango! Nilipiga picha sitini kabla ya kujizuia. Mmoja nitakuelezea. Ni wa mbao iliyokoza weusi kwa umri, vibawa viwili, na katikati yake mhimili uliosimama wima, mfaa, umechongwa kuanzia chini hadi juu. Chini kabisa kuna samaki, mistari ya magamba inaonekana. Juu ya samaki kuna mawimbi, juu ya mawimbi maua yanayopanda kama yanakimbilia mwanga, na pembeni mnyororo mmoja unaozunguka fremu yote bila kukatika. Misumari ya shaba imechomoza kama chuchu za ngoma. Inasemekana kule Uhindi misumari ya namna hiyo ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Tembo gani angepita kichochoro kile sijui, lakini mwenye nyumba alijiandaa.

Nyumba moja ilikuwa inakarabatiwa, mlango wazi. Fundi akaniruhusu nichungulie. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono wangu. Chumba kirefu sana, chembamba sana, kama korido iliyojiona chumba. Nikamuuliza kwa nini. Akaonyesha juu: nguzo za mkoko zimepangwa darini, moja kando ya nyingine, toka ukuta hadi ukuta.

"Boriti hizo. Chumba hakiwezi kuzidi boriti."

Boriti! Ile ya jichoni! Tangu shule ya Jumapili nasikia habari za mtu anayeona kibanzi cha mwenzake na boriti iko jichoni mwake, nami nikidhani ni kijiti kikubwa kidogo. Ndugu yangu, boriti ni mti mzima, mrefu kunizidi mimi, unabeba ghorofa. Jaribu kuuona uko kwenye jicho la mtu. Mahubiri yote niliyowahi kusikia juu ya unafiki yamepata uzito mpya.

Na sasa nifike kwenye kipenzi changu. Kando ya kila nyumba, pande zote za mlango, kuna benchi la mawe lililoungana na ukuta. Watu wamekaa. Wengine wanacheza bao, wengine wanashona kofia, mmoja amelala kabisa. Mzee wa kahawa anapita na mdila wake wa shaba wenye makaa chini, anagonganisha finjani, ti-ti-ti, unakaa, unapewa kahawa chungu isiyo na sukari, unaumia, unapewa kipande cha kashata, unapona. Nikauliza benchi hili linaitwaje.

"Hili? Baraza."

Baraza la Mawaziri. Baraza la madiwani. Baraza la Mitihani, lililonitia homa ya tumbo kidato cha nne. Baraza la Kiswahili la Taifa! Taasisi zote zile zenye mihuri na magari ya serikali zimechukua jina la kiti cha mawe ambacho huhitaji mwaliko kukikalia. Nilikaa. Waliokuwepo walisogea bila kukatiza mazungumzo. Walikuwa wanabishana kuhusu bei ya unga na kuhusu kocha fulani, kwa Kiswahili kitamu kilichonifanya nione changu ni cha fomu za benki. Hakuna aliyeandika muhtasari, na baada ya finjani ya pili nilikuwa na wajibu wa kutoa maoni.

Urojo, sura peke yake

Ungekuja kwa ajili ya urojo tu, ungekuwa umelipa nauli yako. Bakuli ni dogo. Kwanza mbatata zilizochemshwa, vipande. Juu yake bajia zimevunjwavunjwa, kachori moja, mshikaki umechomolewa kwenye kijiti chake. Kisha unamwagwa urojo wenyewe, mzito, wa manjano, wa moto, wenye uchachu wa ndimu na embe bichi. Halafu chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa gao la muhogo uliokatwa mwembamba ukakaangwa, unaolia karakara kwa sekunde kama thelathini kabla haujalowa. Sekunde hizo thelathini ndizo shule. Kula haraka! Uchachu unakupiga, nazi inakutuliza, muhogo unavunjika, pilipili inakuja kwa kuchelewa kama mgeni rasmi. Nililipa kwa noti ya elfu tano nikarudishiwa chenji, nikairudisha ile chenji kwa bakuli la pili.

Yaliyonikera

Mapenzi hayajanipofusha. Moja, papasi. Ndivyo wenyeji wanavyowaita vijana wanaojipachika kwa wageni, kwa jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi, na jina limewakaa. Mmoja alinifuata mitaa mitatu kwa Kiingereza. Nilipomjibu kwa Kiswahili aliomba radhi, akaendelea kwa Kiswahili.

Mbili, pikipiki vichochoroni. Kona ni kali, honi ni kali zaidi, na ukuta hausogei.

Tatu, mgahawa mmoja wa ghorofani, jina naliacha, ulinipa orodha ya vyakula yenye bei za dola, kisha aliponisikia nikizungumza mhudumu akaja na nyingine ya shilingi. Chai ile ile. Nilikunywa, lakini kwa kinyongo.

Nne, na hili ndilo kosa langu mwenyewe: siku moja haitoshi. Wakati napanda boti jioni, pale Forodhani wachuuzi wa usiku walikuwa wanaanza kuwasha majiko na kupanga meza. Moshi wa kwanza ulinifuata hadi gatini. Niliondoka na njaa ya chakula ambacho sikukiona.

Alama zangu

Bandari: 9 kati ya 10, moja nimeikata kwa ajili ya kusi. Soko: 10, na wangeniruhusu ningetoa 11. Vichochoro na milango: 10. Urojo: hauwekewi alama, unaongezwa. Utulivu wa mtembea kwa miguu: 5, kwa hisani ya pikipiki. UNESCO waliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mimi naunga mkono, nikichelewa kidogo.

Kama utakwenda: panda boti ya kwanza, uwahi mnada kabla jua halijakaza. Vaa nguo ya heshima, mji huu ni wa watu wanaosali. Salimia kabla ya kuuliza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Weka simu yenye ramani mfukoni uiache huko huko. Na ukiona benchi la mawe lina nafasi, kaa.

Nilipofika Dar es Salaam usiku nilimpigia simu shangazi yangu Mwanza, nikamweleza yote kwa pumzi moja: boti, bahari, jodari, karafuu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa fahari, kwa sauti ya kuwasikilizisha majirani:

"Kumbe mwanangu umeshafika ng'ambo!"

"Hapana, shangazi," nikamwambia. "Ng'ambo sikuvuka. Niliishia Darajani."